Mita 200 Zina Bei Yake

Kando ya Ziwa Viktoria, upande wetu wa Uganda, ardhi inayogusa maji ndiyo ghali kuliko zote, na ardhi hiyohiyo ndiyo ambayo sheria imekataza kujengwa ovyo. Dalali analijua jambo hili. Mpima ardhi analijua, mthamini analijua, wakili analijua. Asiyelijua, mara nyingi, ni mtu mmoja tu: yule anayetoa pesa.

Hoja yangu ni fupi. Kipande cha ufuoni kisichoruhusiwa kujengwa kina thamani, lakini thamani hiyo ni ya aina yake. Lazima ipimwe peke yake, iandikwe peke yake, na isomwe kwa lugha anayoielewa mnunuzi. Anayekichanganya kipande hicho na ardhi inayojengeka, kisha akatoza bei moja kwa ekari zote, anaiba, hata kama karatasi zake zina mihuri mitatu.

Wapo watakaouliza mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini katika mambo ya ardhi. Ninawaomba wavumilie kidogo. Jibu lao linakuja. Kwanza tuitazame sheria, kwa sababu biashara hii yote inaishi kwa kutegemea watu kutoijua.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kuwa maziwa ya asili, mito na ardhi oevu vinashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote, na vinapaswa kulindwa kwa manufaa ya wote. Kisha zikaja kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fuo za maziwa. Kwa maziwa makubwa yaliyotajwa katika kanuni hizo, Ziwa Viktoria likiwamo, umewekwa ukanda wa hifadhi wa mita 200 kutoka ukingo wa maji. Kwa maziwa mengine ni mita 100. Ndani ya ukanda huo hakuna shughuli inayoruhusiwa bila kibali cha maandishi kutoka mamlaka ya mazingira, yaani NEMA. Majirani zetu nao wana vipimo vyao. Tanzania, ambayo inashiriki nasi ziwa hilohilo, imeweka mita 60 katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani yake. Vipimo vinatofautiana, lakini wazo ni moja: ukingo wa maji una kazi yake, na kazi hiyo si kubeba ukuta wa matofali.

Sasa tupige hesabu ambayo dalali hataki ipigwe. Chukua shamba lenye upana wa mita 100 ufuoni. Ukiingia nchi kavu mita 200, umepata mita za mraba 20,000. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Kwa hiyo ukanda wa hifadhi umemeza karibu ekari tano, ukitaka ukamilifu ekari 4.94. Mtu aliyenunua ekari tano zenye upana huo, akalipa ekari tano, hana hata mahali pa kuweka choo bila kibali.

Chukua shamba la ekari nane lenye upana uleule. Tuseme, kwa mfano tu, bei ni shilingi milioni 100 kwa ekari. Mnunuzi analipa milioni 800 na kurudi nyumbani akijisifu kwamba amepata ufuo kwa bei ya kirafiki. Lakini ardhi anayoweza kujenga bila kuomba ruhusa ya mazingira ni ekari 3.06 tu. Gawanya milioni 800 kwa 3.06, utapata zaidi ya milioni 261 kwa kila ekari inayojengeka. Kama angeambiwa bei hiyo tangu asubuhi, angekaa chini afikiri. Hakuambiwa. Aliambiwa milioni 100.

Kwa watu wa kipato cha chini hesabu ni mbaya zaidi. Viwanja vyetu vya kawaida ni vile tunavyoviita 50 kwa 100, yaani futi 50 kwa futi 100. Futi 100 ni kama mita 30 na nusu. Ukivipanga viwanja hivyo kutoka majini kwenda bara, safu sita nzima zinaingia ndani ya mita 200, na safu ya saba inaingia kwa zaidi ya nusu yake. Safu sita! Mwenye pesa aliyenunua ekari nane amebakiwa na tatu. Mwenye 50 kwa 100 katika safu ya pili hakubakiwa na kitu. Ndiyo maana ninasema kwamba kukata ufuo kuwa viwanja vidogo na kuviuza kama vya makazi ndilo tendo baya kuliko yote katika biashara hii. Hasara yote inaangushwa kwa mtu asiyekuwa na kipande cha nyuma cha kukimbilia.

Sizungumzi juu ya watu nisiowajua. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori kwa miaka mingi, na alipostaafu alinunua kiwanja cha namna hiyo katika wilaya ya Wakiso, safu ya pili kutoka majini. Dalali alimwambia, "Mzee wangu, hapa utakunywa chai ukitazama ziwa mpaka siku zako ziishe." Mwenyekiti wa kijiji alitia sahihi. Ili kupata mkopo wa kumalizia msingi, mjomba alileta mthamini, na mthamini akaandika kurasa kadhaa. Nimezisoma zote. Zinataja udongo, barabara, nguzo za umeme, na "mandhari ya kuvutia ya ziwa". Mita 200 hazikutajwa hata mara moja. Chama chake cha akiba na mikopo kikaamini karatasi ile, kikatoa pesa.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mvua zilinyesha bila kupumzika, na mwezi wa Mei ziwa likafika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likaipita kidogo ile alama ya mita 13.41 ya mwaka 1964. Maji yaliingia Ggaba, yakaingia Kasenyi, yakafunika fuo za Entebbe ambako watu walizoea kucheza mpira. Yaliingia pia katika msingi wa mjomba. Yalipopungua, maofisa walipita wakawaambia watu wa safu zile wasijenge tena. Mjomba hakuwa na kibali, na hakuwahi kuambiwa kwamba kipo kitu kinachoitwa kibali. Mkopo lakini haukurudi nyuma pamoja na maji.

Sehemu iliyoniuma zaidi ilikuja baadaye. Dalali yuleyule alirudi na ushauri: uza. Wapo wanunuzi wapya, maji yameshuka, msingi upakwe chokaa, na neno "mafuriko" lisitajwe. Mjomba aliita ndugu, tukakaa. Wapo waliosema naye aliuziwa kimya, kwa nini asiuze kimya? Shangazi ndiye aliyesema kwamba mnunuzi ajaye naye ni mjomba wa mtu. Mnunuzi alipoelezwa ukweli, bei aliyotaja haikufika nusu ya ile ya kwanza. Kiwanja bado hakijauzwa, na deni bado linalipwa. Wazee walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Katika biashara hii mficha ugonjwa ni mmoja na anayeumbuliwa ni mwingine.

Ninajua majibu ya wale wanaoitetea biashara hii, kwa sababu nimeyasikia. Nitayapitia moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza: "Sheria haifuatwi. Tazama mahoteli yaliyo ufuoni." Kweli, yapo. Mengine yana vibali, kwa maana sheria inaruhusu kibali kutolewa baada ya tathmini ya mazingira. Mengine hayana. Lakini tazama vizuri maana ya jibu hili. Muuzaji anaweka bei kana kwamba sheria haitafuatwa kamwe, kisha anachukua pesa zote leo. Mnunuzi ndiye anayebaki akiomba kila uchaguzi, kila waziri mpya na kila msimu wa mvua upite salama. Hapo pana kamari, na anayecheza ni mmoja huku anayekusanya ni mwingine. Nairobi mwaka 2018 tuliona majengo makubwa ya biashara yakibomolewa kwa sababu yalisimama kando ya mto, na yalikuwa yamesimama miaka mingi. Kukawia kwa sheria si kufa kwake.

Jibu la pili: "Hati miliki ipo, tena ya mailo, ya tangu enzi za Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900." Sawa. Hati inasema nani ni mwenye ardhi. Haisemi anaruhusiwa kufanya nini juu yake. Mwenye gari ana kadi ya gari, lakini kadi hiyo haimpi ruhusa ya kupita taa nyekundu. Mtu anaweza kuwa mmiliki halali wa mita 200 za ufuo na bado asiwe na haki ya kuweka tofali hata moja. Anayeitoa hati mfukoni kila anapoulizwa juu ya ujenzi anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Jibu la tatu ndilo zito, nami sitalidharau: "Mkisema ukweli bei itaanguka, na watakaoumia ni maskini wenye ardhi ufuoni." Ningelikubali jibu hili kama maskini ndio wanaopata hiyo bei ya juu. Lakini mwenye kibanja aliyekaa pale tangu babu yake, anayelipa busuulu kwa mwenye mailo, huuza mapema na huuza kwa bei ya shamba. Anayepata bei ya "mandhari" ni yule anayenunua kwake, anayekata viwanja, anayeweka vigingi na ubao wa tangazo. Ukimya haumlindi mwenye kibanja. Unamlinda mtu wa katikati. Tena mwenye kibanja akiijua hesabu ya mita 200, atajua pia kwamba kipande chake cha nyuma, kile alichokiona cha kawaida, ndicho chenye thamani kubwa, wala hatakitoa kama nyongeza.

Na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wanielewe vizuri, maana wengine wakisikia hoja hii hudhani ninasema ufuo hauna thamani. Unayo. Kizuizi cha kujenga chenyewe kinatoa thamani, kwa kuwa kinamhakikishia mwenye ardhi ya nyuma kwamba hakuna atakayesimamisha ghorofa tano kati yake na ziwa. Upepo utafika. Macho yataona maji. Miti na mafunjo ya ufuoni yanachuja matope yasiingie ziwani na yanapunguza nguvu ya mawimbi. Nyumba iliyo mita 210 kutoka majini, yenye ukanda safi mbele yake, inaweza kustahili bei nzuri kuliko nyumba iliyo mita 20 na yenye maji sebuleni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama ufuo ni chema, kwa nini unatembezwa ukiwa umefunikwa uso?

Basi uthaminishaji wa haki ungekuwaje? Hauhitaji elimu ya ajabu. Wanafunzi wa uthamini hufundishwa kwamba thamani ya soko ni bei ambayo wangekubaliana muuzaji na mnunuzi wasiolazimishwa, kila mmoja akiwa na taarifa anazostahili kuwa nazo. Hufundishwa pia kwamba matumizi bora ya ardhi, yale yanayobeba thamani, lazima kwanza yawe yanaruhusiwa kisheria. Kwa kanuni hizo mbili peke yake, ripoti ya mjomba ilikuwa karatasi tupu. Bei iliyopatikana kwa sababu mnunuzi hakujua si thamani ya soko, na nyumba isiyoruhusiwa haiwezi kuwa matumizi bora.

Mthamini mwaminifu angeanza na mstari. Mpima angeuchora kwenye ramani, na kigingi kingewekwa pale mita 200 zinapoishia. Kisha shamba lingegawanywa katika vipande viwili. Kipande cha juu kingelinganishwa na viwanja vingine vinavyojengeka, na kuongezewa kitu kwa ajili ya mandhari na njia ya kufika majini. Kipande cha chini kingelinganishwa na vipande vingine vyenye kizuizi kilekile, wala si na kiwanja cha mjini. Kama yapo matumizi yanayoweza kuombewa kibali, yaandikwe, na gharama na mashaka ya kibali yapunguzwe katika bei. Kibali kisichopatikana bado kisiuzwe kama kimepatikana. Mwisho kabisa iangaliwe historia ya maji. Ziwa lililopanda mwaka 1964 na likapanda tena mwaka 2020 halijatuahidi kwamba litatulia. Ardhi iliyoonekana mwaka 2006, ziwa liliposhuka sana, watu waliiona kama zawadi. Ilikuwa ni ya ziwa, na ziwa lilirudi kuidai.

Katika mkataba, mistari miwili ingetosha: ekari kadhaa zinazojengeka kwa bei hii, ekari kadhaa za ukanda wa hifadhi kwa bei ile. Mnunuzi angejua analipia nini. Ofisi inayokadiria ushuru wa stempu ingejua. Chama cha mikopo kingejua kinapokea dhamana gani. Mke au mume, ambaye sheria yetu inataka akubali kabla ya ardhi ya familia kuuzwa, angejua anakubali kitu gani. Mistari miwili!

Sasa ninarudi kwa wale waliouliza mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini hapa. Muhula uliopita mtu mmoja aliniletea kazi ya kulipwa: nitafsiri tangazo la ardhi ya ufuoni kwa Kiswahili, kwa ajili ya wateja kutoka mashariki ya Kongo na Kenya. Tangazo la Kiingereza lilikuwa tamu. Ufuo binafsi, upepo mwanana, jenga ndoto yako. Nilimuuliza mahali pa kuandika mita 200. Akanijibu, "Wewe tafsiri kilichoandikwa." Nilimuuliza pia kama wateja hao wanajua kwamba asiye raia hapa Uganda hupata ardhi kwa kukodisha tu, wala hawezi kumiliki mailo. Akacheka. Nilimrudishia karatasi zake.

Kazi ile haikuwa ya kwanza kuletwa kwa mwanafunzi wa lugha, wala haitakuwa ya mwisho. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi yetu, na sote tulishangilia kwamba kazi zitakuja. Zinakuja. Swali ni kama tutakuwa mkono wa dalali au sikio la mnunuzi. Kanuni za mwaka 2000 ziko kwa Kiingereza cha wanasheria. Mikataba iko kwa Kiingereza. Ripoti za wathamini ziko kwa Kiingereza. Mtu wa Kasenyi anauza samaki kwa Kiganda, mnunuzi kutoka Bukavu anazungumza Kiswahili, na kati yao kuna karatasi ambayo hakuna anayeisoma. Ukimya wa biashara hii umejengwa ndani ya lugha. Anayeshika lugha ameshika sehemu ya wizi au sehemu ya tiba.

Kwa hiyo nina madai, wala sitayapamba. Walimu wetu wa somo la tafsiri, tunawaheshimu, lakini tumetafsiri hotuba za kutosha. Tupeni mkataba wa mauziano ya ardhi. Tupeni kanuni za fuo za maziwa, tubishane darasani kama tuseme "ukanda wa hifadhi" au "eneo tengefu", kisha tukubaliane neno moja na tulipeleke vijijini. Wenzangu mnaosoma uthamini na upimaji, msitie sahihi ripoti isiyokuwa na mstari, hata kama anayewalipa ndiye anayeuza. Wenzangu wa sheria, ulizeni mita ngapi kabla ya kuuliza shilingi ngapi. Nasi wa Kiswahili, tukiletewa tangazo lililonyamaza, turudishe tangazo hilo au tuongeze sentensi inayokosekana: sehemu hii, kutoka majini hadi kigingi hiki, haijengwi bila kibali.

Sentensi hiyo ina maneno yasiyozidi kumi. Mnunuzi akiisikia na bado akalipa, amenunua. Asipoisikia, ameibiwa, na aliyeishika kalamu siku hiyo alikuwapo.